Upande B: kwa wanaoandika riwaya ya mtoto anayesubiri

Mswada wangu wa kwanza ulirudi na swali moja la penseli pembeni mwa ukurasa wa 9: "Mtoto huyu ana miaka mingapi?"

Nilikasirika. Nilikuwa nimeandika waziwazi, ukurasa wa kwanza kabisa, kwamba ana miaka kumi. Ilinichukua karibu mwaka mzima kukubali kwamba mhariri yule hakuwa akiulizia tarehe ya kuzaliwa. Mtoto wangu alikuwa na miaka kumi ya kuandikwa tu. Akifungua mdomo, alisema kama mtu mwenye ndevu na mkopo wa SACCOS.

Tangu riwaya ile itoke, vijana kadhaa wamenitumia kurasa zao. Nyingi ni habari ileile: mtoto analelewa na ndugu, mzazi yuko mbali, mtoto anasubiri. Nazipenda kurasa hizo. Lakini nyingi zina ugonjwa niliokuwa nao mimi, kwa hiyo nitaeleza nilivyougua na nilivyopata nafuu. Atakayeona dawa haimfai asiinywe.

Nimekulia Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mwaka 1993, nikiwa na miaka minane, mama alikwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani. Akaniacha kwa dada yake, Mamkubwa, ambaye alikuwa na watoto wake wanne na biashara ya vitumbua. Kwa watu wa pwani safari ile si ya ajabu. Waomani wengi wazaliwa wa Zanzibar waliondoka kisiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawafungulia mlango warudi kwao. Kwa hiyo mama alifikia nyumba ambayo ajuza wake aligomba kwa Kiarabu mbele ya wageni na kwa Kiswahili akiwa jikoni.

Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika mtaani kwetu. Barua mama hakuzipenda. Alisema akishika kalamu anaandika uongo. Akawa anatuma kaseti. Alichukua kaseti za taarabu, akaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi iliyokunjwa ili redio ikubali kurekodi, akasema maneno yake, akampa mtu anayerudi nyumbani. Maneno yakiisha, taarabu iliyokuwa chini yake iliibuka katikati ya ubeti, fidla na yote. Mpaka leo nikisikia fidla ikianza ghafla, hugeuka nikatazama mlango.

Upande A tuliusikiliza wote sebuleni, pamoja na majirani. Salamu zilikwenda kwa majina, mmoja mmoja. Hata kuku aliyekuwa akilalia mayai siku mama anaondoka aliulizwa hali. Upande B Mamkubwa aliusikiliza peke yake, baada ya sala ya isha, sauti ameipunguza, sikio limegusa spika.

Mimi nilijua kilichokuwa Upande B. Tarehe. Siku ya mama kuja kunichukua. Lazima ilikuwa huko, maana Upande A haikuwepo.

Siku moja mwaka 1995 Mamkubwa akaenda mazikoni Pangani, akalala hukohuko. Nikaichukua kaseti. Betri zilikuwa zimechoka, sauti ya mama ikatoka nzito, ya kuburuta, kama ya mwanamume aliyeamshwa. Akauliza kama bado nakojoa kitandani. Akalalamikia mgongo. Halafu akasema: "Usimwambie kuwa nakuja, dada. Sijui mimi."

Nikazima redio.

Katika mswada ule wa kwanza, hapo ndipo palipoanza kurasa tatu za machozi. Mtoto anasikia, anaelewa kwamba mama haji. Anatoka uani, analiona kaango la vitumbua la Mamkubwa limefunikwa, na hapohapo, usiku uleule, anang'amua kwamba mama ni yule anayekulea. Niliandika neno "anang'amua". Mtoto wa darasa la nne! Nililia nikiandika, ndiyo maana nikadhani ni sura nzuri. Machozi ya mwandishi hayapimi kitu, jamani. Mimi hulia hata nikiangalia harusi za watu nisiowajua.

Baada ya lile swali la penseli nilikwenda Tanga kumsomea Mamkubwa. Macho yake hayawezi tena herufi ndogo, na kusema kweli nilitaka kusifiwa. Nilimsomea siku tatu, mchana, juu ya mkeka, yeye akichambua mchele. Tulipofika sura ya kaseti, akainua mkono.

"Hukulia."

"Sikulia?"

"Ulikata kucha."

Ikanirudia yote kwa mpigo. Nilikuwa nimesikia neno moja tu: nakuja. Mengine yote yalikuwa mapambo. "Usimwambie" maana yake ilikuwa ni siri, nishtukizwe. "Sijui mimi" maana yake hajui ni Jumatatu au Jumanne. Nikakata kucha za mikono na za miguu. Nikaosha viatu, nikavisugua kwa ganda la ndizi mpaka vikang'aa. Siku tatu nilivivaa tangu alfajiri, nikakaa kibarazani nikiitazama barabara, nikisingizia tumbo ili nisiende shule. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ndiyo nawaambia: msiwe na haraka ya kumwelewesha mtoto. Tunamwandika mtoto mwenye tumaini kana kwamba ni mjinga, hajui, anangoja kuambiwa. Wapi! Anafanya kazi usiku na mchana. Ni wakili, kila ushahidi unamfaa, hata ule unaomwangusha. Ukitaka msomaji aumie, mpe mtoto sentensi ambayo msomaji ameielewa na yeye hajaielewa, kisha umwache akaoshe viatu. Usimsahihishe. Katika mswada wa pili nilisubiri kurasa 90 kabla sentensi ile haijamrudia mtoto kwa maana yake nyingine, na ilipomrudia alikuwa anapanda ngazi amebeba ndoo ya maji, hana nafasi hata ya kulia.

Mimi nina kijizoezi changu. Kila sura, pembeni, naandika mistari miwili: kilichosemwa, na alichosikia mtoto. Mistari hiyo ikifanana, najua sura hiyo nimeiandika mimi, si yeye.

Jambo linalofuata ni majina, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Dada wa mama akiitwa shangazi, msomaji wa pwani anafunga kitabu. Shangazi ni dada wa baba, basi. Dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo, na watoto wake ni kaka zako na dada zako. Kwetu hakuna aliyewahi kunitambulisha kama binamu. Binamu ni wa upande wa mjomba na wa shangazi, na hao tuna utani wao. Huu si usumbufu wa sarufi tu. Mtoto anayewaita wanawake wanne "mama" hakai akijiuliza mama wa kweli ni yupi. Swali hilo halimo katika lugha yake. Lazima mtu mzima amletee, na riwaya yako inapaswa kujua aliletewa siku gani, na nani.

Mimi nililetewa na fomu ya shule. Ilikuwa na mstari: Jina la Mzazi/Mlezi. Mwalimu akaniuliza, "Nikate lipi?" Mpaka asubuhi ile sikujua kwamba ni vitu viwili. Nikasema mama yangu ndiye aliyeleta mchango wa madawati wiki iliyopita. "Mama mzazi?" Sikujibu. Akachukua kalamu nyekundu, akalipiga mstari neno Mzazi, akamwita mwingine. Kile kimstari kilichoinama katikati ya maneno hayo mawili shuleni tulifundishwa kukiita mkwaju, na sijapata kuona alama ya uandishi iliyopewa jina lake sawasawa kama hiyo.

Sura ya fomu ina kurasa nne, na wasomaji wanaikumbuka kuliko ile ya kaseti. Kwa hiyo ukikuta umemwandikia mtoto wa miaka minane "mama yangu mzazi", simama. Nani alimfundisha neno hilo? Huenda hapo pana sura nzima umeikanyaga bila kujua.

La sarufi kweli sasa, na ni dogo. Tuna -ka-. Akaja, akakaa, akanywa maji, akaondoka. Sikiliza mtoto anavyosimulia ugomvi wa shuleni: ni -ka- tupu, kitu kinafuata kitu, sababu hakuna. Sababu ni mali ya wakubwa. Nenda kwenye mswada wako uhesabu "kwa sababu" na "ndipo nilipoelewa". Mimi nilikuta "ndipo nilipoelewa" mara 31. Nilifuta 30, na ile moja iliyobaki niliifuta kitabu kikiwa karibu kwenda kupigwa chapa, nikalala vizuri. "Kumbe" nayo iwekeni akiba. Kumbe chapati ni za jana, sawa. Kumbe mama hakunipenda, hapana.

Utasema: lakini msimulizi wangu ni mtu mzima anayekumbuka utoto wake, ana haki ya kujua sababu. Anayo. Ila amwache mtoto amalize kwanza ndipo aseme, tena kwa ufupi, kama mgeni aliyekaribishwa ukingoni mwa mkeka.

Wengi wenu mlisoma Siku Njema ya Ken Walibora shuleni, iliyotoka mwaka 1996. Kongowea naye anatokea Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarabu, anakwenda Kenya kumtafuta baba yake. Kitabu kile kimezaa mabasi mengi. Kila mswada wa pili ninaotumiwa una mtoto anayepanda basi usiku na anwani mfukoni. Kama mtoto wako alisafiri kweli, msafirishe. Kama alikaa kibarazani, mwache kibarazani, upate tabu ya kuandika mtu asiyekwenda popote. Ni kazi ngumu, najua. Hakuna stendi wala mwizi wa kukusaidia kujaza ukurasa.

Na mlezi msimfanye mchawi. Mama wa kambo tumemchosha, tukianza kumchosha na mama mkubwa tutabaki na nani? Mamkubwa wangu alikuwa akinipa shingo ya kuku kila mara. Niliandika kwa uchungu mkubwa kuhusu shingo hiyo. Nilipomsomea akacheka mpaka akamwaga mchele: "Ulikuwa ukiililia! Ukipewa paja unasusa!" Nimeiacha shingo kitabuni, pamoja na uchungu, kwa sababu mtoto wa kwenye kitabu haki yake ni kukumbuka vibaya. Lakini nimemwongezea Mamkubwa mstari mmoja pale mezani, anasema "haya, shingo ya bwana mkubwa", na sasa msomaji anaweza kuisikia sauti aliyoitumia.

Nije kwenye lile nililojifunza nimechelewa kabisa.

Siku ya tatu ya kusoma nilimuuliza Mamkubwa kwa nini aliusikiliza Upande B mara nyingi vile. Nilikuwa na jibu langu tayari: alikuwa akipima aniambie au asiniambie. Sura nzima nilikuwa nimeijenga juu ya jibu hilo, Mamkubwa gizani na siri yangu kifuani.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakunywa maji. "Upande A ulikuwa wenu," akasema. "Kule nyuma alikuwa mdogo wangu."

Walilala kitanda kimoja mpaka mmoja wao alipoolewa. Upande B mama alikuwa akimchekesha. Kulikuwa na habari za mwanamume fulani waliyemjua wote wawili zamani. Mamkubwa alipomkumbuka akaanza kutabasamu, nikauliza ni nani, akarudi kwenye mchele wake. "Mengine si yako, mwanangu."

Mswada wangu ulikuwa na kurasa 240, na katika kurasa zote hizo dada wawili hawakuzungumza hata mara moja juu ya jambo ambalo si mimi. Kila uhusiano ulipita kwangu, kama nyaya zinavyokusanyika kwenye nguzo ya umeme. Mtoto kuyaona mambo hivyo ni sawa, nguzo haijui kuna umeme mwingine. Kitabu ndicho kinachotakiwa kujua. Nikakaa chini nikaandika orodha ya watu wa nyumba ile wawiliwawili, nikijitoa mwenyewe: Mamkubwa na mama, Mamkubwa na mumewe ambaye jina lake nilikuwa nimelitaja mara mbili tu, kaka na dada, mama na yule ajuza wa Maskati. Nikajiuliza wawili hawa wana nini baina yao nisipokuwepo chumbani. Sikuziandikia sura. Nilimwacha mtoto agongane nazo tu: kicheko kinachokatika akiingia, kanga ya mama ambayo Mamkubwa haivai wala haitoi kumpa mtu, jina linalotajwa kisha watu wanageuza maneno. Ukisoma mswada wa pili, mtoto anakua hapo, kwenye hivyo vitu ambavyo havimhusu. Kabla ya hapo alikuwa akirefuka tu.

Kuhusu mama mwenyewe: alirudi mwaka 1999, nikiwa kidato cha kwanza. Nimemsomea naye. Anasema hakumbuki kusema sentensi ile, na kwamba sauti yake haijawahi kuwa nzito. Sikubishana. Ila wasomeeni walio hai kabla hamjachapisha. Si kwa kuomba ruhusa, ingawa na hiyo ina adabu yake. Wasomeeni kwa kuwa wao walikuwa wanakuangalia wakati wewe unaangalia barabara.

Hilo nalo nililifanya nusunusu. Nilikuwa nimebakiza kurasa chache, na nilitaka kuwahi tarehe ya mwisho ya kupeleka miswada kwenye Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023. Jioni ya siku ya tatu nikamwambia Mamkubwa yaliyobaki ni madogomadogo, niende nikawahi basi. Akasema kaa umalize, basi lipo kesho. Nikamsomea tena kile kipande cha kibarazani kama nilivyokuwa nimekirekebisha usiku uliopita, na kucha zake, na ganda la ndizi.

"Viatu umekosea," akasema.

"Nimekosea nini?"

"Umeandika viatu vyake. Havikuwa vyako. Vyako vilikuwa vimekubana tangu Ramadhani, ukawa unakwenda na vile vya kukata visigino. Vile vilikuwa vya kaka yako."

Kaka yangu, mtoto wake wa pili, alikuwa darasa la saba. Alikwenda shule na kandambili siku tatu, na shule ile kandambili ilikuwa ni bakora. Nilimwuliza Mamkubwa kama alijua wakati ule. Alijua. Aliporudi kutoka Pangani aliikuta kaseti imesimama katikati, sikuirudisha mwanzo, na mimi kibarazani nimechana nywele.

"Akaniambia nisikwambie," akasema. "Ati mgeni wako akija akukute umevaa."

Tarehe ya tuzo ilinipita. Sura ya 11 sasa ina mtoto mwingine, anatoka asubuhi na daftari zake kwapani, anapita mbele ya kibaraza na kandambili miguuni, na mdogo wake hamwoni.